Mlanguzi wa Jana, Mjasiriamali wa Leo

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu wasikilizaji, yeyote kati yenu aliyewahi kusafiri kwa basi kwenda Mbeya au Songea anaijua Makambako, hata kama hajawahi kulala huko. Basi halijasimama sawasawa, tayari madirisha yamejaa mikono. Huyu ana mayai ya kuchemsha na chumvi aliyoifunga kwenye kipande cha karatasi, yule ana mahindi ya kuchoma, mwingine ana ndoo ya viazi mviringo, mwingine peasi na parachichi kutoka miinuko ya Njombe. Baridi inakata masikio. Wenyewe wamejifunga vitenge juu ya makoti ya mitumba, na mkono unaopokea fedha ndio huohuo unaorudisha chenji wakati basi limeshaanza kuondoka. Siku moja nilirudishiwa chenji yangu kupitia dirishani, bila kupungua hata shilingi, na kijana aliyekimbizana na basi karibu hatua mia moja. Sina hakika kama mimi ningekimbia.

Leo nataka tumzungumze mtu huyo, na hasa historia yake. Katika muda wa kama miaka mia moja hivi kazi yake haikubadilika sana. Hununua kitu mahali kilipo kingi, akakipeleka mahali kilipo kichache, na tofauti ya bei ndiyo ada ya watoto na bati la nyumba. Kilichobadilika ni jina. Aliitwa mchuuzi, akaitwa mlanguzi, akaja kuitwa mhujumu wa uchumi, kisha machinga, na siku hizi kwenye semina huitwa mjasiriamali. Majina hayo hakujipa mwenyewe. Na karibu kila jina lilikuja na karatasi yake: leseni, kibali, hati ya mashtaka, au kitambulisho.

Tuanze enzi za Mwingereza. Wilaya ya Njombe wakati huo ilikuwa kubwa, ikiwajumlisha Wabena, Wakinga, Wapangwa na wengineo. Kwa serikali ya kikoloni nchi hiyo ilikuwa hasa ghala la vibarua. Reli ilikuwa mbali, na zao la biashara la maana halikuwapo kwa miaka mingi, lakini kodi ilidaiwa palepale. Fedha ya kodi ilikuwa Tanga na Morogoro, kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuajiri watu, iliyojulikana kama SILABU, na vijana wa Njombe walikuwa miongoni mwa waliosombwa kwenda huko wakawa manamba.

Sasa, si kila shilingi ya manamba iliishia kwenye kodi na mahari. Wapo waliorudi na mizigo ya nguo, wakaiuza kijiji kwa kijiji, wakanunua chumvi, sindano na sabuni, wakazunguka tena. Huo ndio mtaji wa kwanza wa biashara ndogo ndogo za Njombe: jasho la mkonge. Benki haikuwamo katika hesabu hiyo, na wala mkopo wa dukani. Tangu mwaka 1923 Tanganyika ilikuwa na sheria iliyosema kwamba deni ambalo Mwafrika amekopeshwa na mtu asiye Mwafrika haliwezi kudaiwa mahakamani pasipo idhini ya serikali. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kumlinda Mwafrika asifilisiwe. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla, Mhindi au Mwarabu, hakuwa na sababu ya kumkopesha mchuuzi hata bunda moja la kaniki. Mchuuzi alianza na alichobeba, na kikiisha ameishia hapo.

Wakinga ndio waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo, na hadi leo ukifika Kariakoo, Mbeya au Songea utaambiwa kwamba duka lile ni la Mkinga. Watu hupenda kulieleza jambo hilo kwa hadithi za uchawi, jambo ambalo kwa kweli ni dharau. Nchi yao, ambayo sasa ni Wilaya ya Makete, ni milima mitupu na mashamba yameinama kama paa la nyumba. Mwenye shamba la namna hiyo hujifunza mapema kwamba fedha iko ng'ambo ya mlima. Wengi wao walianza kwa kubeba mizigo kwa miguu, wakaja kufungua vibanda, na kibanda kikazaa duka. Ndugu mmoja akishasimama, humwita mwingine aje ajifunze kwake kabla ya kufungua lake.

Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati Njombe, chini ya shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza, na kwa mara ya kwanza mshahara ukapatikana karibu na nyumbani. Jambo hilo lina umuhimu wake, lakini sitakaa hapo. Mapinduzi ya kweli katika biashara ya sehemu hizi yaliletwa na njia.

Mwaka 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wake wa kihuni kule Rhodesia ya Kusini, na Zambia ikajikuta haina mlango wa kupitishia mafuta na shaba. Ndipo barabara ya kwenda Zambia, iliyokuwa ya vumbi na matope, ikaanza kujaa malori. Bomba la mafuta lilikamilika 1968, barabara ikatiwa lami, na Oktoba 1970 ujenzi wa reli ya Uhuru ukazinduliwa kwa mkopo wa Wachina. Sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, mahali reli inapopanda kutoka Bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, kupitia mahandaki na madaraja yasiyohesabika kwa vidole. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Katika miaka ya 1980 ikaongezwa barabara ya lami kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea, kwa msaada wa Uingereza. Makambako ikajikuta imekaa njia panda ya vyote: reli, barabara ya Zambia na barabara ya kusini. Njombe mjini, kilomita zipatazo 60 tu kutoka hapo, ikawa shamba lenye mlango.

Tazameni namna Mungu alivyoipanga nchi hiyo. Mlimba ni joto, kuna mpunga na ndizi. Makambako ni baridi, kuna mahindi, maharage, viazi, kabeji. Kati ya sehemu hizo mbili hapakuwa na barabara ya maana. Treni ya abiria inayosimama kila kituo ilimwezesha mama wa Njombe kushuka na gunia la maharage na kupanda na gunia la mchele. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake juu ya reli hiyo kilichotoka 2009, alizitumia stakabadhi za vifurushi zilizokuwa zimehifadhiwa vituoni kuonyesha jinsi wachuuzi walivyoifanya reli kuwa yao. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia iligeuka kuwa soko refu lenye magurudumu.

Lakini, ndugu wasikilizaji, ukumbukeni mwaka huo wa 1976. Mwaka uleule reli ilipokabidhiwa, serikali ilivunja vyama vya ushirika, na mazao yakapewa mashirika ya umma. Mwaka huohuo ndipo ilipopigwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika ya vijiji. Watu walikuwa ndio kwanza wamemaliza kuhamishiwa vijijini, kwa hiari au kwa mgambo. Kwa maneno mengine, mlango mkubwa kuliko yote ulifunguliwa siku ambazo sheria ilikuwa inafunga madirisha.

Sisemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka mtu asimnyonye mwenziwe, na ni kweli kwamba wafanyabiashara wengine walificha sukari ili ipande bei. Taabu ilikuwa katika kupima. Mahindi yalinunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, kwa bei moja nchi nzima, na kwa mkulima wa mbali kama wa Njombe bei hiyo haikuwa mbaya. Isipokuwa fedha zilichelewa. Mahindi yanaondoka, mkulima anabaki na kipande cha karatasi, na shule haipokei karatasi. Jirani akija usiku na fedha taslimu, hata kama ni pungufu, atauziwa. Huyo jirani ndiye aliyeitwa mlanguzi.

Kanuni ilikuwa hivi: mtu binafsi hakuruhusiwa kusafirisha nafaka zaidi ya kilo 30 bila kibali. Kilo 30 hazifiki madebe mawili. Chukueni hesabu ya mama mwenye watoto watano anayepeleka mahindi Mlimba na kurudi na mchele. Nauli ni ileile, awe na debe moja au magunia matano. Kwa madebe mawili kasoro, faida yote inaliwa na nauli na chakula cha njiani. Kwa hiyo ama abaki nyumbani, ama avunje sheria. Vizuizi vya barabarani vilijengwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na pale kwenye kizuizi ndipo ilipopatikana faida nyingine, ya mwenye kufungua kamba. Wenye malori walijua namna ya kupita. Aliyekamatwa kwa kawaida alikuwa yule mwenye kikapu.

Halafu ikaja 1983. Baada ya vita vya Kagera hazina ilikuwa tupu, madukani hakuna sabuni wala khanga, na Waziri Mkuu, Edward Sokoine, akaongoza vita dhidi ya wahujumu wa uchumi. Wengi wetu wenye umri tunakumbuka bidhaa zilivyotupwa porini na mitoni usiku kwa kuogopa msako. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo ilimtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na asiyekuwa nayo arudishwe kijijini. Kuuza karanga na vitumbua hakukuwa na hakika ya kutambulika. Sokoine mwenyewe alikuwa mtu safi na watu walimlilia alipofariki Aprili 1984. Lakini mchuuzi wa kituo cha reli alijifunza mwaka ule kuwa na macho mawili, moja kwa mteja na jingine kwa mgambo, na nadhani jicho hilo la pili hajalifumba hadi leo.

Mambo yalilegea haraka kuliko yalivyokazwa. Mwaka 1984 wenye fedha za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, mitumba ikarudi, na kiwango cha nafaka anachoweza kusafirisha mtu binafsi kikapandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500. Mwaka 1987, chini ya Mzee Mwinyi, mipaka ya uzito ikaondolewa kabisa. Fikirini jambo hilo. Gunia la mahindi lilikuwa lilelile, njia ileile, mama yuleyule. Mwaka 1983 angefungwa kwa gunia hilo, na mwaka 1987 akaambiwa ruksa. Hakuna aliyekwenda Makambako kumweleza ni nini hasa kilichokuwa kosa hapo kwanza.

Kwa mwanamke wa Njombe, hata hivyo, mtaji haukutoka kwenye mahindi peke yake. Mara nyingi ulitoka kwenye ulanzi. Kwa wale wa pwani nieleze kidogo. Ulanzi ni tembo la mianzi. Msimu wa mvua chipukizi la mwanzi hukatwa kichwa, likafungiwa kipande cha mwanzi kinachoitwa mbeta, na utomvu ukadondokea humo. Mgema hupita asubuhi na jioni kuchonga upya na kukusanya. Wa siku hiyo ni mtamu kama soda, wa kesho yake una neno la kusema, na wa siku ya tatu huanza kuzungumza wenyewe. Uzuri wa ulanzi kibiashara ni kwamba hautaki mbolea, hautaki dawa, na hauwezi kufichwa ghalani upande bei, kwa maana unaharibika. Kwa hiyo hakuna tajiri aliyeweza kuuhodhi. Mama ananunua kwa mgema, anajaza madumu, anapeleka kilabuni au barabarani, na jioni amekwisha kuuza. Faida ni ndogo lakini inazunguka kila siku, na msimu ukiisha anayo fedha ya kununulia viazi. Madaftari mengi ya shule katika wilaya ile yamelipiwa na mbeta. Najua viongozi wa dini hawatafurahi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Na viazi vina kisa chake. Njombe ni miongoni mwa sehemu zinazolisha Dar es Salaam viazi mviringo, na kila sahani ya chipsi mnayokula Magomeni yaweza kuwa imeanzia huko. Viazi huuzwa kwa gunia, na gunia la Njombe si gunia mnalolijua. Likishajaa hushonewa kipande juu, likajazwa tena, hata likawa na kilemba kirefu. Ndiyo lumbesa. Kisheria gunia lisizidi kilo 100, na viongozi wamepiga marufuku lumbesa mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa kama msimu. Mkulima analipwa kwa gunia, siyo kwa kilo, na kile kilemba ni zawadi yake kwa mnunuzi. Mchuuzi mdogo naye yumo katikati: analalamika anapouza kwa mwenye lori, na hushindilia anaponunua kwa mkulima. Nisingependa msikilizaji aondoke akidhani kwamba katika simulizi hii kuna malaika.

Tena kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kwenye mizani. Utafiti wa taifa wa 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika Njombe, ambayo ilifanywa kuwa mkoa mwaka 2012, watu 14.8 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna mitaji iliyoliwa na hospitali na misiba, na bibi waliorudi sokoni wakiwa na umri wa kupumzika kwa sababu wajukuu wamebaki mikononi mwao.

Watu huuliza kwa nini wachuuzi hawaweki fedha benki. Swali zuri, ila lisiulizwe Njombe kwa sauti kubwa. Wilaya hiyo ilikuwa na benki yake ya wananchi, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida. Januari 2018 Benki Kuu iliifutia leseni pamoja na nyingine nne katika sehemu mbalimbali za nchi, kwa kuwa mitaji yao ilikuwa chini ya kiwango kinachotakiwa. Bima ya amana ilimhakikishia mwenye akiba fidia isiyozidi shilingi milioni 1.5. Mwenye akiba ndogo alilindwa, ni kweli, baada ya kusubiri. Lakini aliyekuwa amekusanya milioni tano za kujengea kibanda cha matofali alitakiwa kuanza kufuatilia zilizobaki kwa mfilisi. Upatu, ambao mtaalamu atakuambia hauna usalama, una sifa moja: unamjua aliyeshika fedha na unajua mlango wa nyumba yake.

Mwaka 2017 serikali ilisema kwamba anayesafirisha mazao yasiyofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Tani moja, ndugu zangu, mahali palipokuwa kilo 30. Na Desemba 2018 Rais Magufuli akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni nne kwa mwaka. Bei yake ilikuwa shilingi 20,000, na mwenye nacho hakutakiwa kubughudhiwa na mtoza ushuru. Wengi walikishangilia, nami sikushangaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza karatasi ilikuwa upande wao. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 2021, wamachinga katika miji mikubwa waliondolewa kando ya barabara na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Mwenye kuuza mayai kwenye dirisha la basi huwezi kumtengea eneo mahali ambapo basi halisimami.

Siku hizi habari kubwa ya Njombe ni parachichi. Makampuni yanakuja na makontena ya baridi, matunda yanakwenda Ulaya na Asia, na mashamba ya viazi na miwati yanapandwa miche. Kati ya mkulima wa miti ishirini na kampuni yenye kontena yupo mtu anayepita na baiskeli au pikipiki, ananunua kreti mbili hapa, tatu kule, akakusanya mzigo barabarani. Anachuma mapema mno wakati mwingine, na hilo ni kosa la kweli, maana tunda lisilokomaa huharibu jina la mkoa mzima. Wakati mwingine ndiye pekee anayefika kule ambako gari la kampuni haliwezi kufika. Katika mikutano ya wadau nimesikia amekwisha kupewa jina lake, tena linatamkwa kwa sauti ileile ninayoikumbuka tangu 1983. Anaitwa dalali.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji.